Deni la Mchoraji

Mgeni afikaye Matema, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, huona kwanza rangi. Asubuhi yenye jua ziwa hutandaa mbele yake likiwa la buluu iliyokolea, na jicho huifuata buluu hiyo kusini lisipate mwisho wake. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone huteremka wima hadi majini, na penye kivuli cha milima buluu huzidi hata hukaribia weusi. Mgeni yule akiinama akachota maji hayo kwa viganja, huona maji tu. Buluu haimo. Kilichomo ni mistari ya viganja vyake mwenyewe, nayo yaonekana wazi hadi chini. Rangi aliyoistaajabia imebaki baina ya nuru, kina cha maji na jicho lake, wala hakuna chombo kiwezacho kuiteka na kuipeleka nyumbani.

Jambo hili dogo limebeba swali kubwa kwa kila mtu ashikaye burashi. Kazi ya mchoraji ni kazi ya kuchukua, naye huchukua mara mbili. Kwanza huchukua vitu: udongo, mkaa, mafuta, utomvu wa miti, manyoya ya wanyama. Pili huchukua sura: umbo la mlima, mwendo wa ndege, kivuli cha mti saa ya adhuhuri. Aghalabu watu husema kwamba mchoraji mwema ni mwaminifu kwa maumbile. Lakini hawasemi ni katika uchukuaji upi kati ya hii miwili. Je, mwaminifu ni yule apakaye udongo wa nchi anayoichora, au ni yule aionyeshaye nchi kama ilivyo machoni, hata ikiwa rangi zake zimetoka ng'ambo ya bahari? Na kwa kuwa huchukua, je, ana deni? Na kama deni lipo, hulipwa kwa nani?

Yaweza kudhaniwa kwamba haya ni maswali ya watu wenye nafasi. Sivyo. Kwa kadiri yanavyojibiwa, kazi ya mtu mmoja huitwa sanaa na ya mwingine huitwa ufundi tu. Kazi moja hutundikwa ukutani na nyingine huwekwa jikoni. Jina la mmoja hukumbukwa na la mwingine husahauliwa kabla ya chungu chake kuvunjika. Matema ni mahali panapofaa kuyapima, kwa sababu hapo vitu na sura vimekaa karibu karibu, na tofauti yake haiwezi kufichwa.

Kusini-mashariki ya Matema, mahali ambapo mlima na ziwa vimebanana, kipo kijiji cha Ikombe, na huko wanaishi Wakisi. Mlima haukuwaachia nafasi kubwa ya kulima. Walakini uliwaachia udongo wa mfinyanzi, na wanawake wa Kikisi waliugeuza udongo huo kuwa shamba lao. Kwa miaka mingi vyungu vyao vilipakiwa katika mitumbwi na kubadilishwa kwa chakula cha Wanyakyusa, wenye bonde pana, mvua nyingi na migomba. Hata leo soko la Lyulilo, karibu na Matema, hujulikana kwa vyungu vya siku ya Jumamosi, na kutoka hapo husafirishwa hadi Mbeya na mbali zaidi. Mwanamke huchimba udongo, huuponda, huukanda, huufinyanga, huulainisha na kuukausha. Huupaka nakshi za rangi. Mwisho huutia katika moto wa wazi, usiokuwa na tanuri. Rangi zake ni za ardhi: ngeu nyekundu na udongo mweupe, na weusi ambao moto na moshi huuacha.

Hapa ndipo penye ajabu inayostahili kufikiriwa. Wanawake hawa wamezaliwa kando ya maji ya buluu, huyatazama kila siku ya maisha yao, na huyavuka ili kuuza kazi yao. Walakini katika rangi za udongo wao buluu haimo. Si kwamba hawaioni. Ardhi haikuwapa. Wekundu wa udongo ni kutu ya madini ya chuma, ambayo yametapakaa duniani kote. Udongo wa manjano nao una chuma, na ukitiwa motoni hugeuka kuwa mwekundu. Udongo mweupe ni ule ambao chuma hakimo, au ni haba mno. Mweusi hupatikana penye mkaa na masizi. Basi nyekundu, nyeupe, nyeusi na manjano ni rangi za maskini na tajiri, za kila bara na kila zama. Huko Olorgesailie, nchini Kenya, wachimbuzi wa mambo ya kale waliokota vipande vya mawe ya rangi nyekundu na nyeusi vyenye alama za kazi ya mkono, navyo vimekadiriwa kuwa na umri wa miaka 300,000 hivi. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, mingi ni ya wekundu huohuo. Mwanamke wa Ikombe anapochovya kidole katika ngeu anashika rangi ambayo mkono wa binadamu umeizoea kuliko nyingine yoyote.

Buluu ina habari nyingine. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walioitaka buluu iliyo bora waliingoja itoke milima ya Badakhshan, huko Afghanistan, ambako lilichimbwa jiwe la lazuardi. Na bei yake iliweza kushindana na bei ya dhahabu. Mwanzoni mwa karne ya 18 buluu nyingine ilipatikana kwa bahati mjini Berlin, katika vyungu vya wachanganya dawa. Mwaka 1828 Mfaransa Guimet alitunukiwa zawadi kwa kutengeneza kwa mikono ya watu buluu iliyofanana na ile ya lazuardi, na tangu hapo rangi hiyo ikawa nafuu. Mtu atakaye leo kuchora Ziwa Nyasa kama lionekanavyo saa nne ya asubuhi hana budi kuinunua buluu iliyozaliwa kiwandani. Na mtu atakaye kulichora kwa udongo wa Matema peke yake atapata ziwa jekundu, au jeupe, au jeusi. Wa kwanza ni mwaminifu kwa jicho na mgeni kwa ardhi. Wa pili ni mwaminifu kwa ardhi na mgeni kwa jicho.

Wako wanaofanya haraka kuhukumu. Baadhi yao hushikilia kwamba mchoraji wa Afrika aachaye udongo na majani ya kwao akachukua rangi ya kopo amejitenga na asili yake, na kazi yake ni ya kuazima. Neno hili lina utamu wa kusikika, lakini likipimwa halisimami. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika sehemu za Tunduru, kusini mwa Tanzania, akahamia Dar es Salaam kutafuta riziki. Alipoanza kuchora, yapata mwaka 1968, hakuwa na udongo wa Tunduru mkononi. Alikuwa na mbao laini za kuezekea dari, na rangi ya mafuta itumiwayo kupaka baiskeli. Vitu hivyo viwili ni vya mjini na vya kiwandani kabisa. Juu yake alichora chui, ndege, nyati na mbuyu, vikiwa wazi na vimekolea, kama mtu anayesimulia habari ya kwao kwa sauti kubwa ili isimezwe na kelele za barabara. Alifariki mwaka 1972, hata miaka mitano ya kazi yake haijatimia sawasawa, na tayari alikuwa ameacha wanafunzi. Mwaka 1990 warithi wa sanaa hiyo walikuwa na chama chao cha ushirika. Nani atasema kwamba chui wa Tingatinga si wa kweli kwa kuwa amepakwa rangi ya baiskeli? Rangi ile haikuwa ya asili yake, lakini jicho lilikuwa lake, na kumbukumbu ilikuwa yake.

Tena, ni vema kuuliza rangi ya kopo imetoka wapi. Haikushuka kutoka hewani. Nyekundu nyingi za madukani ni kutu ileile ya chuma, nyeupe hutoka katika madini yaliyochimbwa, na mafuta yanayozifunga hutoka katika mimea au chini ya ardhi. Kopo ni udongo uliosafiri. Umesafiri mbali hata umesahau kwao, na mnunuzi naye ameusahau. Ikiwa kuna hasara katika rangi ya kiwandani, hasara ni huko kusahau. Haimo katika rangi yenyewe.

Wako wengine ambao hukumu yao ni kinyume cha hiyo, nayo ni ya zamani zaidi. Hao husema kwamba apakaye nakshi kwenye chungu si mchoraji. Ni fundi, kwa maana kazi yake ni ya kupikia na kutekea maji. Nyuma yao husimama kivuli cha Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, aliyefundisha kwamba seremala hutengeneza kitanda, na mchoraji huiga tu sura ya kitanda. Hivyo mchoraji yu mbali na ukweli kupita seremala. Plato alitoa hoja hiyo ili kumshusha mchoraji. Wafuasi wa siku za baadaye waliupokea utengano huo wakaupindua: wakampandisha mchoraji na kumshusha fundi. Walakini pande zote mbili ziliukubali utengano wenyewe, kwamba mwenye kufanya kitu ni mmoja na mwenye kuonyesha sura ni mwingine.

Ikombe utengano huo hauna mahali pa kukaa. Mwanamke aliyekifinyanga chungu ndiye akitiaye nakshi, kwa mkono uleule na siku zilezile. Nakshi yake haiigi chungu kingine. Yakiambia chungu hiki shingo yake iko wapi, bega lake laanzia wapi na tumbo lake lajaa kiasi gani. Mstari wa ngeu ukizunguka mdomo wa chungu, jicho laelewa uviringo wake kabla mkono haujaugusa. Na wanawake wa Kikisi si peke yao katika jambo hili. Huko Chongoni, katika wilaya ya Dedza nchini Malawi, wanawake wa Kichewa walichora miambani kwa udongo mweupe alama za kuwafunda wasichana, na leo mahali hapo pamo katika urithi wa dunia. Kama udongo mweupe ukutani mwa pango waitwa sanaa, udongo mweupe begani mwa chungu hauwezi kunyimwa jina hilo kwa sababu tu chungu chafaa kupikia mboga.

Ikiwa basi asili ya rangi haithibitishi uaminifu, na matumizi ya kitu hayauondoi, uaminifu wenyewe ni nini? Jibu linaanza na ukaidi wa vitu. Udongo una sheria zake, wala hauzibadilishi kwa ajili ya mtu. Ukikandwa vibaya hubakiza hewa ndani, na motoni hupasuka. Ukikaushwa kwa haraka hufanya nyufa. Wahenga walisema, udongo upate ungali maji. Na neno hilo, kabla halijawa fundisho la malezi ya watoto, lilikuwa habari ya kweli iliyojulikana na kila mfinyanzi. Rangi ya kopo nayo ina ukaidi wake: huteleza, hung'aa kupita kiasi, hukauka juu ikabaki mbichi chini. Mchoraji mwaminifu ni yule aliyekubali kufundishwa na kitu anachokishika. Asiyekubali hugombana nacho, na ugomvi huo huonekana katika kazi hata kwa mtazamaji asiyejua kuueleza.

Ukaidi wa pili ni wa sura. Imesemwa hapo juu kwamba ziwa ni la buluu. Lakini hilo ni kweli kwa saa chache tu. Alfajiri ziwa ni la kijivu kama chuma. Baada ya mvua kubwa, na mvua za huko ni kubwa kweli, Mto Lufilyo huleta maji ya udongo, na sehemu ya ufukoni ikawa ya rangi ya kahawia. Ziko siku ambazo wadudu waitwao kungu hupanda juu ya maji kwa maelfu na maelfu, wakasimama kwa mbali kama nguzo za moshi, hata asiyejua akadhani kwamba mashua inaungua. Mchoraji anayefika na kopo lake la buluu akalifungua kabla hajatazama huchora neno "ziwa", wala hachori ziwa. Hicho ndicho kishawishi cha rangi iliyo tayari: humjibu mtu kabla hajauliza.

Kwa haki isemwe pia kwamba udongo una kishawishi chake. Mtu akisifiwa siku zote kwa kuwa rangi zake ni za asili, aweza kuridhika na sifa hiyo, akadhani kwamba ardhi imekwisha kumfanyia kazi. Atarudia nakshi alizozikuta bila kuzitazama, naye ataitwa mlinzi wa mila. Hakika kuna kurudia kuliko hai na kurudia kuliko kufa. Mwanamke arudiaye mstari wa mama yake huku akiupima upya kwa kila chungu, kwa maana hakuna vyungu viwili vyenye bega moja, anafanya kazi ya kuona. Aurudiaye kwa mazoea tu yuko sawa na yule mwenye kopo. Uvivu wa macho hauna kabila la rangi.

Limebaki swali la deni. Mpinzani atasema: maumbile si mtu, hayakukopesha, hayadai, wala hayatampeleka mchoraji barazani. Asemalo ni kweli. Mlima hauhitaji shukrani. Lakini udongo ulio chini ya mlima una wengine watakaouhitaji, na ujuzi ulio katika vidole una wengine watakaoukosa usipowafikia. Deni la mchoraji kwa maumbile hulipwa kwa watu waliopo na watakaokuwapo. Shimo likichimbwa kwa pupa likabomoka, aliyeibiwa si mlima. Ni binti ambaye hajajifunza bado kufinyanga. Na mwenye kujua akifa bila ya kufundisha, udongo hubaki pale pale, wala hauna tena mtu wa kuuelewa.

Deni hili halimlemei mchoraji peke yake. Mnunuzi naye ni mdeni. Mithali yasema, mfinyanzi hulia gaeni, na watu huitaja wakicheka. Lakini ndani yake mna hukumu juu ya soko. Atengenezaye vyombo vizima hula katika kipande kilichovunjika, kwa sababu kizima hana budi kukiuza, na bei yake haimwachii kingine. Siku hizi kipo pia chombo cha plastiki na sufuria ya bati, vyepesi visivyovunjika, na hakuna haki ya kumlaumu mama anayevinunua ili kuupunguza mzigo wa kichwani mwake. Kinachoweza kulaumiwa ni desturi ya kukisifu chungu cha Kikisi kwa maneno makubwa mezani, kisha kubishania bei yake sokoni kama kwamba siku za kazi yake si siku za mtu.

Kuna na deni la jina. Tingatinga alitia jina lake kwenye mbao zake, na jina hilo leo limekuwa jina la mtindo mzima. Chungu cha Ikombe husafiri hadi mjini kikiwa na jina la kabila tu. Huenda wafinyanzi wenyewe wameridhika hivyo, kwa kuwa kazi ni ya akina mama wote na ujuzi ni wa urithi. Wala haifai kuwalazimisha desturi ya watu wengine. Lakini mwenye kukiweka chungu hicho kwenye kabati la kioo na kuandika chini yake jina la kabila tu hawezi kudai kwamba amefanya hivyo kwa heshima, ikiwa hakujisumbua kuuliza kiliumbwa na nani. Kutokuwa na jina kwa hiari ni unyenyekevu. Kunyimwa jina kwa uvivu wa mwingine ni dhuluma, hata kama dhuluma yenyewe ni ndogo.

Hivyo mizani inarudi sawa. Mtu wa udongo na mtu wa kopo wote huchukua, na hakuna hata mmoja awezaye kujivunia kwamba yeye amezaliwa bila ya deni. Uaminifu wao hupimwa kwa mambo matatu: kama wamekubali kufundishwa na kitu, kama wametazama kabla ya kupaka, na kama wameacha nyuma yao udongo na ujuzi vya kumtosha ajaye. Mchoraji aliyeyatimiza hayo aweza kulichora Ziwa Nyasa kwa buluu ya kiwandani, au kwa ngeu na udongo mweupe, na katika njia zote mbili atakuwa amesema kweli.

Na yule mgeni aliyeinama ufukoni mwa Matema? Maji yamekwisha kumponyoka vidoleni, yamerudi yalikotoka, na huko yamekuwa ya buluu tena. Viganja vyake vimebaki na unyevu na chembe chache za mchanga. Akiwa ni mchoraji, hizo zatosha kuanzia.